Michezo ya Kundi kwa Watoto: Jinsi ya Kuendesha Kipindi Ambacho Hakuna Anayekaa Pembeni

Kila anayekabidhiwa kundi la watoto kwa mara ya kwanza, awe mwalimu mpya, mzazi aliyeombwa kusimamia sherehe au kijana anayesaidia kambi ya likizo, huuliza maswali yaleyale. Niwachezeshe mchezo gani? Wakianza kugombana nifanyeje? Na yule asiyetaka kucheza, nimlazimishe? Nimeyajibu mara nyingi kwa mdomo, leo kipande hiki, kesho kile, nikaona niyapange yote kwa utaratibu wa kipindi kimoja ambacho unaweza kukiendesha hata kesho asubuhi.

Kabla ya kuuliza mchezo gani, jiulize hivi: yule mtoto mzito wa miguu kuliko wote, dakika ya tano atakuwa anafanya nini? Michezo mingi tuliyokua nayo humtoa anayekosea. Aliyeguswa ametoka. Aliyekosa kiti ametoka. Basi mtoto anayehitaji zaidi kukimbia na kuzoeana na wenzake ndiye wa kwanza kukalishwa, na aliye hodari tayari ndiye anayecheza mpaka mwisho. Nakumbuka kipindi changu kimoja cha mwanzoni: dakika 4 tu baada ya filimbi, watoto 9 kati ya 16 walikuwa wamejipanga kando ya ukuta wakichora vumbini kwa vidole. Mimi niliona kipindi kinakwenda vizuri kwa sababu waliobaki uwanjani walikuwa wanapiga kelele za furaha. Tangu nilipogeuka nikawaona wale wa ukutani, kila mchezo ninaouchagua lazima utimize mambo mawili: hatolewi mtu, na kundi halifiki popote mpaka wafike wote.

Nadharia nitaitaja moja tu, kwa kuwa inasaidia kuelewa kwa nini hatua za hapa chini zimepangwa hivi. Mwaka 1954, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22 wa miaka 11 na 12 kwenye kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani, wakawagawa makundi mawili na kuyashindanisha, pamoja na kuvutana kamba. Haukupita muda wakawa wanatukanana na kuvamiana. Kuwakutanisha kwenye chakula hakukusaidia, walirushiana chakula hicho. Kilichosaidia ni kazi ambazo kundi moja peke yake lisingeziweza. Siku moja gari la kuleta chakula lilipogoma kuwaka, kama watafiti walivyokuwa wamepanga, wavulana walileta kamba ileile waliyokuwa wakivutania, wakalivuta gari pamoja. Watoto walikuwa walewale na kamba ileile. Kilichobadilika ni mwelekeo wa kuvuta.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Mpango huu ni wa watoto 12 hadi 20, wa miaka 6 hadi 12, kwa dakika 50 hadi 60. Kwa wadogo zaidi, fupisha kila mchezo hadi dakika 3 au 4 na usitegemee ushirikiano mkubwa. Mtoto wa miaka 3 anayecheza kando ya mwenzake bila kucheza naye hana tatizo lolote, ndivyo umri ule ulivyo, na mtafiti wa michezo ya watoto Mildred Parten alishaueleza uchezaji huo wa kando kwa kando tangu mwaka 1932.

Andaa:

- Eneo la wazi la takriban mita 15 kwa 15. Nyasi au udongo mgumu ni bora kuliko sakafu inayoteleza.
- Mtu mzima wa pili. Mmoja anaendesha mchezo, mwingine anashughulika na aliyejikwaa, anayelia na anayetaka kwenda chooni.
- Filimbi, na saa yenye kuhesabu sekunde.
- Mipira 3 laini. Soksi zilizosokotwa zinatosha kabisa, na haziumizi zikimpiga mtu usoni.
- Ringi 3 kubwa za plastiki, zile za kuzungusha kiunoni. Huna? Funga kamba ya mita 2.5 au 3 iwe kitanzi.
- Vipande 24 vya zulia kuukuu au boksi gumu, vyenye upana wa miguu miwili ya mtoto iliyosimama pamoja.
- Shuka moja kubwa usilolionea uchungu.
- Koni, chaki au kamba za kuweka mipaka.
- Vitambaa vidogo kadhaa vya mkononi. Matumizi yake utayaona hatua ya 3.
- Maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza, na orodha ya watoto wenye pumu, kifafa, mzio au jeraha. Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta iwe uwanjani, isibaki kwenye begi lililofungiwa ofisini.

Usitumie maputo kwa watoto walio chini ya miaka 8. Puto lisilojazwa au kipande cha lililopasuka kikiingia kooni huziba hewa papo hapo, na ni vigumu kukitoa.

Hatua za kuendesha kipindi

1. Kagua uwanja kwa miguu yako.
Tembea eneo lote ukiangalia chini: mawe, vipande vya chupa, mashimo, misumari, bomba lililochomoza. Kisha weka mipaka, ukiacha angalau mita 2 au 3 kati ya mstari na ukuta au uzio. Mtoto anayekimbia hasimami kwenye mstari, anasimama mbele ya mstari, na hapo mbele pasiwe ukuta.

2. Fundisha ishara ya kusimama kabla ya mchezo wowote.
Filimbi moja fupi maana yake: simama ulipo, mikono magotini, mdomo kimya. Wafanyishe mara 3: kwanza wakitembea, halafu wakikimbia, mwisho wakikimbia na kupiga kelele watakavyo. Usirudie filimbi kwa wasiosikia. Subiri kimya mpaka wenzao wawaguse bega. Ukizoea kupuliza mara tatu tatu, watoto watajifunza kwamba mbili za kwanza hazina maana.

3. Toa sheria tatu, usizidishe.
Ya kwanza: tunagusa kwa kiganja kilicho wazi, begani au mgongoni tu. Ya pili: asiyependa kushikwa mkono achukue kitambaa, yeye ashike ncha moja na mwenzake nyingine, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Ya tatu: yeyote akisema "simama", wote wanasimama.

Hiyo ya pili usiipuuze. Kuna watoto ambao kushikwa mkono na mtu kunawakosesha raha, kwa sababu ambazo huzijui na si lazima uzijue. Kitambaa kinawaingiza kwenye duara bila maelezo. Weka vitambaa mahali ambapo mtoto anajichukulia mwenyewe, asije akalazimika kukuomba mbele ya wote.

4. Pasheni mwili kwa mpira wa majina (dakika 8).
Wote wasimame duara. Mwenye mpira ataje jina la mwenzake, amwangalie, kisha amrushie. Kila mmoja apokee mara moja tu mpaka mpira urudi kwa aliyeanza. Waambie wakumbuke mpira ulitoka kwa nani na kwenda kwa nani, halafu warudie kwa mpangilio uleule huku ukipima muda.

Watangazie muda: "Sekunde 48." Uliza swali moja tu: "Mnaweza kupunguza?" Kisha nyamaza. Watajaribu kurusha kwa kasi, mpira utaanguka, muda utaongezeka. Baada ya majaribio mawili au matatu, kuna mtoto atakayeuliza, mara nyingi kwa sauti ndogo: "Mwalimu, ni lazima tusimame hivihivi?" Jibu: "Sikusema." Hapo watajipanga upya, kila mtu kando ya yule anayempa mpira, na muda utashuka kwa kiasi kitakachowafanya waruke. Wewe usilitoe wazo hilo hata kama umewaona wanakwama. Ukilitoa, watakuwa wametii maagizo ya mkubwa, na kusikilizana kwao kutakuwa hakujaanza. Angalia pia nani alitoa wazo na nani alisikika. Mara nyingi si mtu mmoja.

Wakishaweza, ongeza mpira wa pili na wa tatu wacheke kidogo.

5. Gawanya makundi mwenyewe.
Kamwe usiweke manahodha wawili wachague wachezaji mmoja mmoja. Yupo atakayebaki wa mwisho, wote wakimtazama, na atakikumbuka kipindi chako kwa hilo tu. Tumia namba (hesabuni moja mpaka tatu), au kata picha tatu vipande sita sita, gawa vipande, kila mtoto atafute wenye picha yake. Njia ya picha naipenda zaidi kwa sababu kutafutana kwenyewe ni mchezo. Makundi ya watoto 5 hadi 8 yanatosha. Likizidi hapo, wawili watafanya kazi na waliobaki watatazama.

6. Pitisha ringi (dakika 6).
Kila kundi lishikane mikono kuwa duara, ringi ikining'inia kwenye mikono ya wawili iliyoshikana. Ringi izunguke duara zima bila mkono kuachiwa. Mtoto anaingiza kichwa, anapitisha kiwiliwili, anavusha mguu mmoja baada ya mwingine, na jirani zake lazima wainue au washushe mikono kulingana na mwili wake. Mtoto mrefu akifikiwa, mfupi aliye kando yake anajikuta ananyanyua mkono akiwa amesimama kwa vidole vya miguu. Ni mchezo mdogo, ila unafundisha kumtazama mwenzako kabla hajaomba msaada.

Onyo: kusiwe na kushindana kati ya makundi hapa. Wakiharakishana, ringi inavutwa shingoni. Anayetumia kitanzi cha kamba aangalie hilo mara mbili, fundo lisiwe la kujikaza.

7. Kukimbizana kwa kuokoana (dakika 8).
Sasa wakimbie. Chagua mkimbizaji 1 kwa kila watoto 5, wavae kitambaa mkononi. Anayeguswa anasimama alipo na kunyoosha mikono pembeni. Kumwokoa kunahitaji watu wawili: washikane mikono kumzunguka na wahesabu pamoja "moja, mbili, tatu" kwa sauti. Wakiwa katika kuhesabu hawaguswi. Kila raundi sekunde 90, kisha wakimbizaji wabadilishwe.

Siri iko kwenye hiyo "wawili". Mwokoaji akiwa mmoja, mwenye mbio anaokoa watu wote peke yake na anajiona shujaa. Wakiwa wawili, inabidi amwite mwingine, asubiri amfikie, ashike mkono wake. Utawasikia wakiitana majina uwanja mzima, na hata mtoto asiyeitwa kamwe kwa habari ya mbio ataitwa, kwa sababu yuko karibu.

Baada ya raundi mbili, sitisha kwa nusu dakika uulize: "Nani amesimama muda mrefu bila kuokolewa?" Wanyooshe mkono. Usitoe maelezo. Puliza filimbi ya raundi ya tatu uone kitakachotokea.

8. Kuvuka mto (dakika 15).
Huu ndio moyo wa kipindi, upe nafasi. Chora mistari miwili iliyoachana mita 8. Katikati ni mto. Kila kundi lina "mawe", yaani vipande vya zulia, na wote lazima wafike ng'ambo wakikanyaga mawe tu. Jiwe lisiloguswa na mguu au mkono wa mtu linachukuliwa na maji, nawe ndiye maji: ukiliona limeachwa, liondoe. Mguu ukigusa mto, kundi zima linarudi mwanzo. Narudia, kundi zima. Mkosaji akirudi peke yake, waliobaki wataendelea bila kumsubiri.

Idadi ya mawe ndiyo inayoamua ugumu. Kundi la watoto 6 likiwa na mawe 7, kazi ni rahisi: wanajipanga kama jongoo, jiwe la nyuma linapitishwa mkono kwa mkono hadi mbele. Mawe 6 yanawalazimisha wawili wakae jiwe moja kila wanaposogea. Mawe 5 yanahitaji kushikana vizuri na kupanga. Anza na 7.

Jaribio la kwanza karibu kila mara huenda hivi. Mtoto mwepesi anachukua mawe matatu, anayatupa mbele, anaruka, anafika ng'ambo na kupiga kelele, "Nimefika!" Anageuka. Wenzake watano wako nyuma, mawe mawili yamechukuliwa na maji, na hakuna wa kupitisha chochote. Uso wake hapo ni somo tosha. Wewe usiseme "unaona sasa?" Sema tu, "Kundi limefika mtu mmoja. Mnataka kuanza upya?"

Kabla ya jaribio la pili wape dakika 2 za kupanga, mawe yakiwa chini na mikono mitupu. Wakipanga huku wameshika mawe, mwenye mawe ndiye atakayesema. Kwa jaribio la tatu, ukiona mtoto mmoja anaamuru wote, tangaza kwamba safari hii sauti zimepotea: wavuke bila neno. Hapo ishara za mikono zinaanza, na yule mwenye sauti kubwa analazimika kutazama wengine.

Maonyo mawili. Karatasi au boksi juu ya sakafu laini huteleza na mtoto huanguka kisogo, hivyo ukiwa ndani tumia zulia lenye mpira chini tu. Na usiruhusu kubebana mgongoni. Watalijaribu wazo hilo, ni wazo zuri la kitoto, lakini goti la mbebaji ndilo linaloumia.

9. Tulizeni mwili kwa shuka (dakika 5).
Wote washike kingo za shuka kuzunguka, makundi yakiwa yameshaungana. Weka mpira katikati. Kazi: mpira uzunguke ukingoni bila kuanguka, kila mtu akishusha upande wake mpira unapomkaribia na kuuinua ukishapita. Kukiwa na shimo la sentimita 20 katikati ya shuka, waujaribu kuuangusha mpira humo kwa makusudi, au kuuzuia usiingie. Kasi itashuka yenyewe, kwa kuwa mpira wa juu ya shuka haupendi fujo.

10. Kaeni chini mzungumze (dakika 5).
Usiiruke hatua hii kwa sababu muda umekwisha, punguza mchezo mmoja badala yake. Kaa nao chini kwenye duara, usisimame. Uliza maswali haya kwa mpangilio huu:

Kulitokea nini pale mtoni? Ni nani alifanya kitu kilichokusaidia, na kitu gani? Siku nyingine tutafanya nini tofauti?

Swali la pili linahitaji jina na tendo. "Kila mtu alisaidia" usilikubali, uliza tena kwa upole. Siku moja mtoto ambaye kipindi kizima hakusema neno alitajwa na wenzake watatu mfululizo, kwa kuwa alikuwa amekanyaga jiwe moja la nyuma kwa mguu mmoja muda wote ili lisichukuliwe na maji. Mimi mwenyewe sikumwona. Alishusha macho akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Na usihubiri. Ukishaanza "kwa hiyo watoto, leo tumejifunza umuhimu wa…" macho yanahamia kwenye chupa za maji.

11. Andika mistari mitatu kabla hujaondoka.
Mchezo gani ulikwama, nani alibaki nyuma, utabadilisha nini. Baada ya vipindi 5 au 6 utaona mabadiliko ambayo kwa siku moja hayaonekani. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, hivyo kurudia kipindi hiki mara mbili au tatu kwa wiki si kuwapotezea muda wa masomo. Rudia michezo ileile. Wewe ndiye utakayechoka nayo, wao wataanza kuimudu.

Makosa ninayoyaona sana

Kosa kubwa ni mtu mzima kusema mno. Maelezo ya mchezo yasizidi dakika moja: onyesha kwa vitendo na watoto watatu, kisha anzeni, mengine mtarekebisha mkiwa ndani ya mchezo.

La pili ni kutoa zawadi kwa kundi la kwanza kufika. Ukiweka zawadi, kila ulichojenga katika hatua ya 8 kinageuka mbio, na mtoto mzito anakuwa mzigo wa kundi lake. Kama lazima kuwe na alama ya kuhesabu, hesabu ya pamoja inafaa: makundi yote yamevuka kwa dakika ngapi kwa jumla, na kesho mtazishusha.

La tatu linahusu vitambaa vya macho na kamba. Mchezo wa kumwongoza mwenzako aliyefungwa macho ni mzuri kwa watoto wa miaka 8 na kuendelea, lakini atembee, asikimbie, na asilazimishwe kufungwa, kufumba macho tu kunatosha. Mkivuta kamba, mtoto yeyote asiizungushe mkononi wala kiunoni. Vidole na viganja huumia vibaya sana kamba inapokaza ghafla.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto hataki kucheza.* Usimlazimishe, na usimwache bure. Mpe kazi ambayo mchezo unaihitaji: kushika saa, kuwa "maji" wa kuondoa mawe, kuhesabu waliookolewa. Mwambie anaweza kuingia raundi yoyote bila kuomba ruhusa. Wengi huingia mzunguko wa pili au wa tatu, hasa wakiona hakuna anayechekwa.

*Mmoja anaamuru wote.* Usimkemee mbele ya wenzake, mara nyingi ana mawazo mazuri na hana pa kuyapeleka. Mvute pembeni umpe kazi ya siri: "Raundi hii, nataka unitafutie wazo moja kutoka kwa mtu ambaye hajasema." Anayependa kuongoza huipenda kazi hiyo.

*Wanagombana: "Mwalimu, huyu anadanganya!"* Puliza filimbi, kaa kimya kwa pumzi tatu. Uliza kundi lote, si wawili wale: "Sheria inasemaje, na tuibadilishe au ibaki?" Sheria waliyoikubali wenyewe wataisimamia vizuri kuliko yako. Wakipigana, huo si mchezo tena: watenganishe, kila mmoja akae na mtu mzima wake mpaka apumue vizuri, na usidai waombane radhi papo hapo huku bado wana hasira.

*Wanamlaumu aliyegusa mto.* Hili lizime mapema. Kabla ya jaribio lijalo tangaza kwamba kila kundi litaanguka angalau mara tatu, na kwamba unahesabu maanguko kwa sababu unataka kuona watakavyoanza upya. Likiendelea, gusa mto wewe mwenyewe ukiwa ndani ya kundi lao. Watakavyokupokea wewe, ndivyo watakavyompokea mwenzao.

*Kuna mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, au asiyeona vizuri.* Muulize yeye kwanza anapenda kucheza vipi, kabla hujapanga lolote. Kwenye kukimbizana, punguza uwanja na wote watembee kwa kasi badala ya kukimbia. Kwenye mto, mawe yawe njia mbili za magurudumu, au yeye awe kituo cha katikati ambacho mawe yote lazima yapitie mikononi mwake. Kwa asiyeona vizuri, mpira utiwe kitu kinacholia ndani, na jina liitwe mara mbili kabla ya kurusha.

*Wako 40 na uko peke yako.* Usijaribu kukimbizana. Chukua mpira wa majina kwa maduara manne na kuvuka mto kwa zamu, nusu wakivuka na nusu wakiwa waangalizi wenye kazi maalumu: kila mwangalizi ana mtu mmoja anayemtazama, na kwenye mazungumzo ya mwisho atasema alimwona akifanya nini kizuri.

*Wakubwa wa miaka 11 na 12 wanasema ni michezo ya kitoto.* Wape saa na filimbi, wao waendeshe, wewe kaa pembeni na uandike.

*Wanafaulu kila kitu mara ya kwanza.* Ondoa jiwe moja.